Mfalme Asiye na Siku ya Kufa

Trendafila alizaliwa mwaka ambao nyuki wa Chereshnovo walikufa karibu wote. Ndivyo mama yake alivyokuwa akisema, na hapakuwa na wa kumbishia, kwa kuwa nyuki wamekufa miaka mingi kule milimani na kila mtu ana mwaka wake anaoukumbuka. Kitambulisho kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari. Hiyo ni tarehe ambayo karani wa wilaya aliwagawia watoto wote ambao baba zao walifika ofisini wakabaki kujikuna kisogo. Matokeo yake, kila mwaka mpya nusu ya wazee wa kijiji wanatimiza umri siku moja, vichwa vinawauma kwa pombe ya rakia ya jana yake, na hakuna anayempongeza mwenzake.

Hilo halikumsumbua hata kidogo. Tarehe iliyomtesa maisha yake yote ilikuwa ya mtu mwingine, au tuseme ya watu wawili, na mmoja wao ni mfalme.

Mfalme mwenyewe ni Hranislav, na amechorwa kwenye ukuta wa kusini wa kanisa letu, ameshika mfano mdogo wa kanisa hilohilo kiganjani kama mtu anayeuza jibini. Macho hana. Msidhani ni adui aliyemtoboa. Yalikwanguliwa na bibi zetu waliokuwa wakiugua macho, wakachanganya ile lipu na maji ya kisima wakajinawia. Juu ya kichwa chake kuna maandishi yanayotaja jina lake na jinsi alivyomcha Mungu, kisha lipu imebanduka papo hapo ambapo ingeandikwa siku aliyokufa.

Wasomi ndio usiseme. Mmoja anaandika kwamba Hranislav alitawala miaka minne, mwingine anampa kumi na tisa. Huyu anamwoza wake wawili, yule anasema ni mke mmoja aliyebadili jina. Wapo wanaoapa kwamba baba yake alimfunga gerezani, na wapo wanaosema aliyefungwa ni baba na mfungaji ni yeye. Mmoja, Mungu amsamehe, aliandika kwamba mtu huyo hakuwahi kuwapo, ni wajomba wawili waliounganishwa na mwandishi mvivu. Alikuja kijijini mara moja, akala maharagwe yetu ya chunguni, na hakurudi tena.

Sisi tunajua jambo moja tu, kwamba aliondoka. Alitoka kwenye mlango wa kanisa, akambusu mkewe, akamwambia padri wa wakati huo amwashie mshumaa mpaka atakaporudi, akateremka na farasi kuelekea mtoni kwenda vitani. Hakuna aliyeleta habari zake. Na kwa kuwa habari hazikuletwa, Chereshnovo haikumzika.

Kinara cha mishumaa kanisani kina ngazi mbili. Juu ni mishumaa ya walio hai, chini, kwenye mchanga, ya marehemu. Mtoto akijua kutembea anajua na hilo. Mshumaa wa mfalme unawekwa juu. Mapadri wengi wamekuja na kuondoka, kila mmoja alijaribu kuushusha, na kila mmoja alichoka. Ngano pia hapikiwi. Ngano ya kuchemsha ni chakula cha marehemu, na kumpikia mtu bila kuijua siku yake ni sawa na kumzika akiwa bado njiani.

Sasa turudi kwa Trendafila, maana ni yeye tunayemzungumza.

Aliolewa na Naum, mwashi, mtoto wa mwashi, kijana mrefu mwenye masikio makubwa ambayo Trendafila alimchekea tangu walipokuwa wakichunga mbuzi. Walioana wakati wa vuli, wakawa pamoja msimu mmoja wa theluji, na siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, masika, akaondoka na wanaume wengine kwenda kutafuta riziki ng'ambo. Ndiyo desturi ya wanaume wa kwetu, kuwajengea watu nyumba mbali ili siku moja wajenge zao. Trendafila alimmwagia maji nyuma ya visigino kwa birika la shaba, njia yake iwe laini. Hakulia, kwa sababu mke anayelia hapo anaifunga njia ya kurudi, na mama mkwe alikuwa amesimama pembeni anamkodolea macho kama askari wa mpakani.

Penye lango la kanisa Naum aligeuka.

"Usije ukanikondea wewe," alisema. "Pilipili zikiiva nitakuwa hapa. Niwekee chupa moja."

Mwaka hakuutaja.

Vuli ya kwanza Trendafila alichoma pilipili hoho, akazimenya, akazisaga, akazikaanga polepole mpaka zikawa rojo nzito, akajaza chupa na kutenga moja rafuni. Vuli ya pili vilevile. Salamu zilikuwa zikija kupitia kwa fulani na fulani, kisha zikapungua, kisha kimya. Baada ya hapo habari za Naum zikawa kama za Hranislav. Mtu wa kijiji cha jirani alirudi akasema amemwona Australia kwenye soko la mboga, ana mke na binti mwenye masikio makubwa. Mwingine akaapa kwamba Naum alifukiwa na udongo wakichimba msingi wa bwawa, na kwamba yeye mwenyewe alishika koleo kumtafuta; ila huyo hata jina la bwawa hakulijua. Wa tatu akasema si Australia, ni Argentina, na watoto ni watatu. Ubalozi ulijibu kwa adabu kwamba wenye jina hilo ni wengi.

Mwanamke aliyefiwa na mume kwetu hufunga kitambaa cheusi kichwani mpaka naye azikwe. Mama mkwe, alipokuwa anakaribia kufa, alimwachia Trendafila chake, kimekunjwa vizuri, bila kusema neno. Trendafila alikitia sandukuni. Alifunga cha maua mekundu akiwa na miaka ishirini, akakifunga akiwa na hamsini, na anakifunga sasa ambapo amepita sabini na mgongo umepinda. Wanawake walimsema kisimani, na kisima kilipofungwa wakamsema dukani.

Kila Jumapili aliwasha mishumaa miwili ngazi ya juu, wa mfalme na wa Naum, akiisogeza mpaka karibu igusane. "Haya, mfalme, nimekuletea mwenzako," alikuwa akinong'ona, "muulize kama amekula." Hakuna aliyethubutu kumwita kichaa mbele yake, kwa sababu kama yeye ni kichaa kwa kumngoja mtu miaka hamsini, basi kijiji kizima kilichomngoja mtu miaka mia sita au mia saba, inategemea unasoma kitabu cha nani, kiitweje? Mfalme alikuwa ngao yake. Na karibu na mfalme ukutani kuna mkewe, aliyebaki nusu tu, mkono mmoja na upande wa shavu, jina limebanduka. Trendafila alimpenda huyo kuliko watakatifu wote. Alijiuliza kama naye alikuwa akilala upande uleule wa kitanda, akiacha nafasi.

Maana yeye aliacha nafasi. Alimtamani mumewe, basi, tusizungukezunguke. Alimtamani akiwa kijana kwa mwili wote, na alipozeeka alimtamani kwa namna nyingine, kama mtu anavyotamani kusikia mtu fulani akikohoa chumba cha pili.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyo ambaye hakuwahi kumpikia mumewe ngano ndiye aliyewapikia marehemu wa watu wote. Alifundishwa na mama mkwe, akampita. Ngano yake haipasuki wala haishikani. Inakauka juu ya kitambaa safi punje moja moja, ndipo anaichanganya na kokwa za jozi zilizotwangwa na sukari, anaifinyanga kilima, anachora msalaba juu kwa nusu za jozi. Watu walikuja kumwomba kutoka ng'ambo ya mto. Na kazi hiyo ina sharti lake. Maji yakichemka, mpishi humwaga ngano kwa mkono wa kulia na kutaja jina la marehemu kwa sauti, mara moja tu. Likishatajwa limetajwa. Ngano ni ya huyo, haiazimwi wala haigeuzwi, hata ukiwamwagia kuku imeshamfikia. Ndiyo maana watu hawamruhusu mpishi apige soga pale kwenye sufuria. Trendafila alitaja majina ya nusu ya makaburi ya bonde lile na hakukosea hata moja.

Asubuhi alikunywa kahawa na Despina, dada mdogo wa Naum, mjane, nyumba ya pili kutoka kwake. Despina ana miguu iliyovimba na ulimi ambao haujawahi kuvimba. Kila masika, ikishadhihirika kwamba Naum hakuja tena, yeye ndiye aliyekuja na mkate akaifungua ile chupa ya pilipili na kuimaliza.

"Wifi, nimemwota tena," alisema asubuhi moja mwishoni mwa kiangazi.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Utauliza amevaa nini. Alikuwa na njaa. Amekaa pembeni ya meza ya watu, wenzake wana sahani zao, yeye anawaangalia wanavyotafuna. Kaka yangu mimi. Nyumbani kwake kuna mpishi wa ngano anayesifiwa bonde zima, na yeye anaangalia sahani za watu."

"Labda ni wewe uliyelala na njaa."

"Nililala nimeshiba maharagwe yako, ndiyo maana sikulala vizuri." Despina alisukuma kikombe. "Mshushe, Trendafila. Umpe siku yoyote, Mungu ataipanga. Ukimshusha utakuwa mjane wa mtu mwema. Sasa hivi wewe ni mke wa nani? Wa yule wa Argentina mwenye watoto watatu?"

"Ndiyo. Wa huyohuyo."

"Huoni haya?"

"Sikiliza nikuambie mara moja, na usiniulize tena." Trendafila alisema taratibu, macho yakiwa kwenye masalia ya kahawa. "Akiwa amekufa, basi hakuniacha. Akiwa hai, ameniacha. Hilo nimelipima miaka yote nikikoroga masufuria ya watu. Mimi naomba awe ameniacha. Awe amenenepa, awe na wajukuu, awe amenisahau hata jina. Lakini apumue."

Despina alikirudisha kikombe karibu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Na kama hapumui, unamshindisha njaa kwa mapenzi yako."

Jambo hilo Trendafila alilijua kabla ya Despina, na ndilo lililokuwa likimwamsha alfajiri na kumkalisha kitandani.

Vuli ikaingia. Kijiji kizima kilikuwa nje kikichoma pilipili, moshi umejaa barabarani, vidole vya kila mtu vimekuwa vyekundu, ndipo Baba Gligor, padri wetu, akatokea na mgeni na kumpeleka moja kwa moja kwa Trendafila, kwa sababu yeye ndiye anayetunza ufunguo wa kanisa. Mgeni aliitwa Kalina, wa makumbusho ya mjini, mama mwenye miwani na viatu vya kupandia mlima, mstaarabu sana. Alikubali kiti kando ya moto, akapewa pilipili moja ya moto na chumvi na mkate, akala kwa mikono kama mtu mwenye akili, kisha akasema alilolijia.

Katika monasteri moja ya mbali, kaskazini, walikuwa wakitengeneza sakafu. Chini yake limetoka jiwe la kaburi.

"Limeandikwa Hranislav, mfalme," alisema. "Na kwamba alilala usingizi wa mauti siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petka."

Watu waliokuwa wakigeuza pilipili waliacha kuzigeuza.

"Mwaka?" aliuliza Baba Gligor.

"Jiwe limevunjika hapo, Baba. Siku ipo, mwaka hakuna. Wenzangu karibu wapigane. Wengine wanasema hata jiwe lenyewe liliwekwa miaka mingi baadaye, na mtu aliyekuwa anakisia."

"Kwa hiyo ndiye au siye?" aliuliza Trendafila.

Kalina alivua miwani, akaifuta moshi. "Labda ndiye, mama. Sitaki kukudanganya. Ni labda, lakini ni labda kubwa."

Basi wasomi wakaachwa na mwaka wao wagombane nao. Chereshnovo haikuwa na haja ya mwaka. Ngano inataka siku, na siku ilikuwa imepatikana, tena sikukuu ya Mtakatifu Petka ilikuwa wiki hiyohiyo. Baba Gligor ni mtu mpole, lakini uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. Alimngoja mgeni aondoke, akaketi mahali pake.

"Mama Trendafila, mfalme amefika mwisho wa safari yake. Naomba umpikie."

"Na anayesimama ubavuni kwake kinarani?"

"Hilo ni lako na Mungu wako. Mimi sikulazimishi."

"Hunilazimishi, Baba, unaniondolea tu ukuta niliouegemea."

Padri aliinamisha kichwa. Trendafila aligeuza pilipili zake mpaka zikaungua upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mwisho alisema sawa, atapika. Hajawahi kumnyima marehemu chakula, na hataanza na mfalme.

Ila kesho yake mchana alikwenda kanisani, akajifungia kwa ndani, akasimama mbele ya ule ukuta na mikono kiunoni.

"Wewe nawe," alimwambia mfalme. "Miaka mia ngapi umevumilia, umeshindwa kunivumilia mimi hii michache iliyobaki? Unaniacha na nani hapo juu?" Kisha hasira ikamtoka, akaangalia lile shavu la malkia lililobaki. "Na wewe pole, dada. Hukupata hata wa kukuambia."

Ngano hupikwa siku moja kabla, ikae usiku ikauke. Trendafila aliwasha moto kwenye jiko la uani baada ya chakula cha mchana, sufuria lile kubwa la kijiji, kwani safari hii walikuwa wanakuja watu mpaka wa ng'ambo ya mto. Despina alikuja na kinu chake kutwanga jozi. Alikuwa na raha iliyojificha vibaya.

"Nani angefikiri," alisema. "Mfalme mzima anakula ngano ya mkono wa wifi yangu."

"Twanga."

"Natwanga. Ila nasema tu, akishashuka mfalme, mtu mwingine hataona aibu kushuka. Atashuka na mkubwa."

"Despina, maji yanakaribia kuchemka."

"Haya, nimenyamaza."

Trendafila alijifuta mikono, akapiga ishara ya msalaba, akachota ngano kwa mkono wa kulia. Alikuwa amelirudia jina la mfalme tangu asubuhi, akifagia, akichota maji, akipasua kuni, kwa sababu ni jina refu na hakuwahi kulisema juu ya sufuria. Maji yalitoa mapovu. Alifungua mkono, ngano ikateremka, akafungua mdomo.

"Naum," alisema.

Lilitoka wazi kabisa, sauti ileile aliyokuwa akiwataja nayo marehemu wote wa bonde. Ngano ikazama. Mchi wa Despina ulisimama hewani.

Paka alipita uani, akawaangalia, akaenda zake. Trendafila alikaa polepole kwenye gogo, mkono wa kulia bado umefunguka mapajani, punje mbili tatu zimemnata kiganjani. Miaka hamsini alikuwa amelilinda jina lile lisianguke pale, na lilikuwa limeanguka lenyewe, siku ya mtu mwingine, bila kuombwa.

"Limetoka," alisema.

Despina aliweka mchi chini. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, na ile raha yote imeondoka. Alisogeza kuni motoni, ingawa moto ulikuwa unatosha.

"Koroga," alisema. "Itashika chini."

Trendafila aliinuka akakoroga. Walimaliza kazi, wakaimwaga ngano kwenye kitambaa, wakaitandaza. Alipobaki peke yake alifungua sanduku, akatoa kile kitambaa cheusi cha mama mkwe, akakinusa. Kilikuwa bado kina harufu ya majani ya jozi. Aliwaza kwamba mdomo haujamsaliti, umechoka tu, na kwamba labda Naum mwenyewe ndiye aliyeusukuma, kwa njaa. Alilia hapo. Hakuna mama mkwe wa kumtazama, na njia ya kurudi ilikuwa imeshafungwa na mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka nje. Kile kilima cha ngano kilikuwa mezani, cheupe kwa sukari, msalaba wa jozi umenyooka. Baba Gligor alisoma sala, akaimwagia mvinyo, akalitaja jina la Hranislav kati ya marehemu kwa mara ya kwanza tangu kijiji kiwe kijiji, na mzee Spase, ambaye havui kofia hata akilala, akaivua. Kisha wote wakamwangalia Trendafila. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha maua mekundu kama kawaida. Kile cheusi kilikuwa mfukoni. Alikuwa amepanga kwamba mshumaa utangulie, kitambaa kifuate.

Aliuwasha mshumaa wa mfalme, akainama, akauchomeka chini kwenye mchanga. Watu wakashusha pumzi.

Halafu akatoa mshumaa wa pili, akauwasha kwenye moto wa ule wa kwanza. Hapo pumzi zikakatika, kwa sababu kila mtu alijua ni wa nani na kila mtu aliona mkono haunyanyuki. Trendafila aliinama tena. Mgongo ulimuuma, nta ya moto ilimdondokea kidoleni na hakuitikisa. Alichomeka mshumaa wa Naum kando ya wa mfalme, akaushikilia kidogo kama unavyomshikilia mtoto anayejifunza kusimama, akauachia. Moyo wake ulivunjika hapo, hakuna namna nyingine ya kusema. Alirudi nyuma hatua moja na kutia mkono mfukoni.

"Nipisheni," mtu alisema.

Alikuwa Despina, na miguu yake ile, anasukuma watu kwa viwiko. Alifika kinarani akasimama akiuangalia mshumaa wa kaka yake kule chini, kwenye mchanga, kati ya mabaki ya nta za wafu. Yeye ndiye aliyeyataka hayo kila asubuhi juu ya kahawa. Lakini alikuwa hajawahi kuyaona. Kaka aliyembeba mabegani kuvuka mto wakati wa mafuriko, naye Despina ameshikilia yale masikio makubwa, alikuwa pale chini, na ni mwembamba vile.

Despina akainama kwa shida, akaung'oa mshumaa na mchanga wake, akauchomeka ngazi ya juu, peke yake, katikati.

"Wifi," Trendafila alisema polepole. "Ngano imeshatajwa jina."

"Ndiyo. La mfalme."

"Unajua nilitaja nini. Ulikuwa pale."

"Mimi nilikuwa natwanga jozi," alisema Despina, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Sikusikia kitu."

Baba Gligor aligundua ghafla kwamba kuna jambo la kuangalia kwenye kitabu chake cha sala.

"Ulisema ana njaa," Trendafila alinong'ona. "Ulimwota."

"Nilisema. Nimesema miaka yote." Machozi yalikuwa yanamshuka Despina bila kuyafuta. "Nilisema kwa sababu nilijua wewe hutamshusha. Ukimshusha wewe, mimi nitamshikilia kwa kitu gani?"

Baada ya ibada walikaa kwenye ngazi za kanisa, wawili, na ngano kwenye vikombe vya karatasi kama wengine wote. Chini yao barabara ilikuwa inateremka kuelekea mtoni, ileile. Despina bado alikuwa analia na pua imemjaa. Trendafila alitafuta mfukoni, akatoa kitambaa cheusi, akampa.

"Futa makamasi. Watu wanakuangalia."

Despina alipenga pua kwa nguvu ndani ya kitambaa cha mama yake, akakiangalia, akakitambua, akakikunja. Akachota ngano.

"Mungu amsamehe Hranislav," alisema, kama inavyopaswa kabla ya kula.

"Amsamehe."

Walitafuna. Ngano ilikuwa nzuri, punje moja moja.

"Lakini kama yuko kule," Despina alisema, bila kumwangalia. "Nauliza tu, wifi. Kama yuko pale pembeni ya meza."

Trendafila alifikiri. Alirekebisha kitambaa chake cha maua mekundu kilichokuwa kimelegea, akakikaza chini ya kidevu.

"Mfalme ana sahani kubwa leo," alisema. "Na wametoka mlango mmoja, njia moja. Hatakula peke yake mtu wa kwao akimwangalia."

Despina akaitikia kwa kichwa, akanyoosha kikombe aongezewe.

"Na chupa ya pilipili ya mwaka huu?"

"Iko rafuni," Trendafila alisema. "Na usiiguse."